Siti binti Saad, Shahidi wa Wanyonge

Mtu apitaye leo katika mitaa ya Kariakoo, mjini Dar es Salaam, kuanzia Msimbazi hata Lumumba, masikio yake hayapati kupumzika. Wachuuzi wanyadi bidhaa, makuli waomba njia, na juu ya kelele zote hizo vipaza sauti vya madukani vyaimba. Sauti nyingi ziimbazo ni za wanawake, na lugha yao ni Kiswahili. Sisi tumezoea jambo hili hata hatulioni tena kuwa ni jambo. Lakini palikuwa na zama ambapo Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya jikoni na shambani, isiyostahili kuimbwa mbele ya wakubwa waliokaa juu ya mazulia. Na mwanamke wa nasaba duni, hata angekuwa na sauti ya namna gani, hakutazamiwa kuketi kati ya wapiga udi na kuongoza wimbo.

Aliyebadilisha mambo hayo kuliko mtu mwingine yeyote katika pwani yetu ni mwanamke mmoja wa Unguja, aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu na asiyejua kusoma wala kuandika. Jina lake ni Siti binti Saad. Alikufa mwaka 1950, nao wengi waliomsikia kwa masikio yao wamekwisha tangulia. Twaona vema kulieleza tena maisha yake katika ukurasa huu, si kwa sababu ya sifa za uimbaji tu, bali kwa sababu alifanya kazi ambayo yatakiwa katika kila kizazi: alikuwa shahidi wa watu ambao ushahidi wao haukupokewa.

Alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Unguja. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, na asili ya mama yake Uzigua. Yafaa kukumbuka maana ya maneno haya. Wakati huo watu wa bara walikuwako Unguja kwa maelfu, nao wengi hawakwenda kwa hiari yao. Soko la watumwa mjini Unguja lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashambani. Amri ya kuufuta haikutolewa hata mwaka 1897, nayo haikutimizwa yote kwa siku moja. Wazazi wa mtoto huyu walikuwa wa tabaka hilo, naye aliitwa Mtumwa. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, alipokwisha jipatia heshima yenyewe. Wengi huzaliwa na jina kubwa, kisha wakalipunguza. Huyu alipewa jina dogo kuliko yote, akatoka ndani yake.

Nyumbani palikuwa na umaskini. Mama alikuwa mfinyanzi, na binti alifuata kazi hiyo. Vyungu vikichomwa, yeye alivichukua kichwani na kwenda kuvitembeza, akiita wanunuzi kwa sauti. Watu husimulia kwamba sauti hiyo ilitangulia mbali mbele ya mwenyewe, na wenye nyumba waliijua kabla hawajamwona mwuzaji. Kila mtu aliyelelewa karibu na soko aijua elimu hii: mwenye mali njema lakini hana sauti hurudi nayo nyumbani. Basi chuo cha kwanza cha Siti kilikuwa njia ya vumbi, na ada yake ilikuwa mzigo wa udongo kichwani. Aliolewa akiwa kijana, akazaa binti, na ndoa ile haikudumu.

Mwaka 1911 aliliacha shamba akahamia mjini. Hapa yatupasa kueleza mji wa Unguja ulivyokuwa, maana mkazi wa Dar es Salaam ataufahamu upesi. Mji huo uligawanyika sehemu mbili. Upande mmoja ni Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe, jumba la Sultani, mabalozi na matajiri. Upande wa pili, ng'ambo ya mkono wa bahari ulioingia kati, palikuwa na nyumba za udongo na makuti, na pakaitwa Ng'ambo tu, kana kwamba mahali hapo hapana haja ya jina jingine. Huko walikaa waliokuwa watumwa na wana wao, wachukuzi, mafundi, wafuaji nguo, na watu waliotoka bara na Ngazija. Dar es Salaam nayo ilipangwa kwa fikira ile ile: Uzunguni kandokando ya bahari, kisha Uhindini, na ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja walikaa Waafrika, katika Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kila mji una ng'ambo yake. Siti alikaa katika Ng'ambo ya Unguja, lakini aliyoyaimba yalikuwa habari za ng'ambo zote.

Mjini alikuta taarabu. Sanaa hiyo ililetwa katika jumba la kifalme wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888. Sultani huyo alipenda muziki wa Misri, akampeleka Cairo kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, akajifunze. Naye aliporudi aliwafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingaliko hata leo. Waliopiga walikuwa wanaume, waliosikiliza walikuwa waheshimiwa, na lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu. Wengi wa wasikilizaji hawakukielewa vema, lakini walitikisa vichwa, maana kukubali kwamba huelewi ni kujivunjia heshima.

Siti alipata bahati ya kuonwa na Ali Muhsin, mpiga muziki aliyemfundisha kuimba kwa utaratibu. Alijifunza pia kusoma Kurani kwa sauti, kwa njia ya kusikia na kushika moyoni, kama wafanyavyo wengi wasiopata kalamu. Tusilipite jambo hili upesi. Kushika moyoni ni kazi ngumu, tena humpa mtu tabia. Asomaye kitabuni aweza kusahau, kwa kuwa kitabu kitamkumbusha. Ashikaye moyoni hana wa kumkumbusha. Waliomfahamu Siti walistaajabia kumbukumbu yake, na jinsi alivyotamka kila neno likasikika kamili. Ndipo wakakusanyika karibu naye wapiga udi na fidla waliokuwa mashuhuri zama zile: Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku, na Maalim Shaabani. Mbaruku alikuwa kipofu. Kundi hilo la mwanamke mmoja na wanaume wachache ndilo lililoigeuza taarabu.

Nao waliigeuza kwa jambo moja lililo rahisi kulitaja na gumu kulitenda: waliimba kwa Kiswahili. Mashairi ya Kiswahili yalikuwako kwa karne nyingi Lamu, Pate na Mombasa, na wanawake wa pwani walikuwa na nyimbo zao za ngoma, lelemama na nyinginezo. Lakini kuyachukua maneno ya nyumbani na kuyavika udi na fidla za jumba la mfalme, hilo lilikuwa jambo jipya. Siti aliitwa kuimba mbele ya Sultani na katika nyumba za matajiri, naye alikwenda. Lakini jioni nyingi nyumba yake mwenyewe ya Ng'ambo ndiyo iliyokuwa baraza. Majirani walikuja baada ya kazi, wakaketi, wakaleta habari za siku: nani amedhulumiwa, nani ameachwa, shauri gani limekatwa kortini. Habari ilizungumzwa, ikapimwa, ikatungwa mistari, na baada ya siku chache mji wote ulikuwa ukiiimba. Watu wasio na gazeti walikuwa wamejitengenezea lao.

Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone ya Uingereza, yenye alama ya mbwa asikilizaye sauti ya bwana wake, ilimwita Siti na wenziwe Bombay, Bara Hindi, wakatiwe sahani za santuri. Walivuka bahari kwa meli. Tufikiri kidogo jinsi kazi hiyo ilivyokuwa. Sahani ya zama zile ilichukua dakika tatu tu, au kuzidi kidogo, kwa kila upande. Wimbo wa taarabu, ambao barazani huenda polepole, ukarudiwa na kutunzwa, ulipaswa kukunjwa ukaingia katika muda ule. Na mwimbaji aliimba mbele ya chombo, hana msikilizaji wa kumtia moyo. Kazi hiyo aliiweza. Sahani zilipofika Afrika Mashariki zilinunuliwa upesi, na kampuni ikamwita tena. Na mwaka 1930 kampuni ya Columbia ikafunga safari hata Unguja kuja kumkatia sahani kwao. Inasemekana kwamba hadi mwaka 1931 sahani za Kiswahili zilizouzwa na kampuni ile ya kwanza zilifika kama 72,000. Kwa nchi ambazo mishahara yake ilikuwa shilingi chache kwa mwezi, hiyo si hesabu ndogo.

Jambo hilo halikutokea kwetu peke yake. Marekani, katika miaka ile ile, wanawake weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa, walikuwa wakikatiwa sahani za nyimbo za huzuni ziitwazo bluzi. Mamie Smith alitangulia mwaka 1920. Mwaka 1923 akafuata Bessie Smith wa Chattanooga, ambaye utotoni aliimba njiani apate senti, kama Siti alivyouza vyungu kwa kuita. Wote wawili waliimba juu ya mapenzi yaliyovunjika, kodi ya nyumba, jela na mume mkali. Wote wawili walidharauliwa na waungwana mchana na kusikilizwa nao usiku. Bessie Smith alikufa kwa ajali ya motokaa mwaka 1937, na kaburi lake likakaa bila jiwe la kumtambulisha hata mwaka 1970. Hawa hawakujuana, wala nyimbo zao hazifanani kwa mlio. Yaliyofanana ni majeraha. Watu waliotoka utumwani pande mbili za dunia waliwapa wanawake kazi ya kusema mambo ambayo wanaume wao waliogopa kuyasema.

Sahani zilivuka bahari kutoka Unguja zikaingia Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, na kufuata reli hata bara. Gramafoni ilikuwa chombo cha ghali, lakini haikuhitaji kila mtu kuwa nayo. Moja katika mkahawa wa chai iliutosha mtaa mzima. Kwa njia hiyo mtu wa Kariakoo aliyetoka Morogoro, Songea au Tabora alisikia, pengine kwa mara ya kwanza, Kiswahili kikitoka katika chombo cha Kizungu kwa adabu na uzuri wote wa lugha kubwa. Dar es Salaam ikawa na vyama vyake vya taarabu, kama vile Al-Watan Musical Club na Egyptian Musical Club, na nyimbo za Kiswahili zikakaa mjini kama wenyeji. Kariakoo palikuwa mahali pa makabila mengi yaliyokutana bila kujuana. Kilichowaunganisha kwanza hakikuwa sheria wala serikali. Kilikuwa lugha ya sokoni, na Siti alikuwa ameonyesha kwamba lugha ya sokoni yaweza kubeba mambo mazito ya moyo.

Sifa haikosi wivu. Walitokea wenye kumkejeli kwa nyimbo, wakimkumbusha shamba alikotoka na nguo duni alizovaa zamani, wakiuliza tangu lini mtu wa namna yake naye akahesabiwa. Wengine walisema hana uzuri wa sura. Siti angaliweza kujibu tusi kwa tusi, maana ulimi hakuupungukiwa. Akajibu kwa hoja. Aliimba kwamba sura na nasaba si kitu, na kwamba kipimo cha mtu ni akili yake na tabia zake. Jibu hilo lilikaa katika vinywa vya watu, na wale waliomkejeli wamesahauliwa hata majina. Wenye kuimba leo wangelitazama sana jambo hili, nasi tutalirudia hapo chini.

Lakini wimbo uliomfanya kuwa zaidi ya mwimbaji ni ule uitwao Kijiti, nao una habari iihusuyo Dar es Salaam yenyewe. Mwanamke mmoja, mgeni kutoka huko, alikuwa Unguja, naye alikuwa mja mzito. Mwanamume aliyeitwa Kijiti alimchukua wakaenda pamoja matembezini usiku. Akamtenda ubaya, akamwua. Kisha akavuka maji kukimbilia bara, mkono wa serikali usimfikie. Shauri lilipoletwa kortini, mwuaji hakuwapo. Na wimbo wasimulia jinsi hasira ya jaji ilivyowageukia waliofika kutoa ushahidi, watu waliokuwa pamoja na marehemu usiku ule, wakafungwa wao. Mwenye damu mikononi yu huru, na waliosema waliyoyajua wako gerezani: hiyo ndiyo hukumu aliyoiona mtu wa Ng'ambo.

Siti alilichukua shauri hilo akalipeleka katika korti nyingine, isiyo na ngazi wala wakili. Katika wimbo wake alilitaja jina la mwuaji waziwazi. Alieleza mambo kwa utaratibu, tangu mwanzo hata mwisho, kama shahidi aliyekula kiapo. Hakumficha jaji. Alimkumbuka mtoto aliyekufa tumboni mwa mamaye. Mwishowe akamwonya Kijiti asithubutu kukanyaga Dar es Salaam, maana huko ndiko kwao marehemu. Basi mtu akavuka bahari kuikimbia sheria, na wimbo ukavuka bahari kumfuata; na kila gramafoni iliyofunguliwa ilikuwa kama mpiga mbiu amtangazaye. Hatujui hukumu nyingine iliyotekelezwa kwa namna hiyo. Jela humfunga mtu kwa miaka kadha wa kadha. Wimbo huo umemfunga Kijiti karibu miaka mia.

Tungependa wasomaji wetu, hasa akina baba, watafakari nani aliyetetewa pale. Hakuwa mtu mwema wa kuigwa katika vitabu. Alikuwa mwanamke aliyetoka usiku, katika matembezi yenye ulevi, na mwanamume asiye mumewe. Watu wengi, wakati ule na sasa, wangalisema kwamba alijitakia mwenyewe, kisha wakanywa chai yao. Siti hakusema hivyo. Alifahamu kwamba kosa la mtu halimpi mwingine ruhusa ya kumwua, na kwamba haki ikichagua wa kuwatetea, imekwisha kuacha kuwa haki. Jambo hili mwanamke asiyejua kusoma alilifahamu kuliko korti yenye vitabu vingi vya sheria.

Nyimbo nyingine zilishika njia hiyo hiyo. Ziliwasema makarani waliowapunja wasiojua kusoma, wanaume waliowapiga wake zao au kuwatelekeza, na wakubwa waliotumia cheo kuwala wadogo. Tena tukumbuke majira yenyewe. Mwaka 1928, mwaka ule ule wa safari ya Bombay, wakazi wa Ng'ambo walikataa kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja vya nyumba zao, wakiona kwamba kodi hiyo ni dhuluma. Hatusemi kwamba Siti ndiye aliyewaongoza. Twasema kwamba watu wanaozoea kusikia ukweli ukiimbwa barazani usiku hawakawii kuusema mchana.

Maisha yake ya mwisho yalikuwa ya utulivu. Karibu na kufa kwake alitembelewa na Shaaban Robert wa Tanga, mtunzi mkuu wa Kiswahili, aliyemwuliza habari zake na kuziandika. Siti alifariki tarehe 8 Julai mwaka 1950. Mwaka uliofuata Dar es Salaam ikaanza kurusha matangazo ya redio, na wimbo wa Kiswahili ukapata mabawa ambayo yeye hakuyapata. Habari zile alizozikusanya Shaaban Robert zilitolewa katika miaka ya 1950 kwa jina la Wasifu wa Siti binti Saad, na vizazi vya wanafunzi wamezisoma shuleni. Twaliona hilo kuwa jambo la ajabu na la haki: mwanamke asiyejua herufi moja amewafundisha wengi kusoma lugha yao. Kitabu hicho chatufundisha pia neno jingine. Mwanamume aliyekuwa mwalimu wa lugha kwa wote hakuona haya kukaa chini mbele ya mwimbaji mzee wa Ng'ambo, akasikiliza.

Waliomfuata ni wengi. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mkongwe sana, alimsikia Siti katika ujana wake, akazishika nyimbo zake moyoni, na mwisho wa maisha akaziimba mbele ya watu wa Ulaya na kwingineko. Hata Kijiti akaipeleka huko. Dar es Salaam nako palikuwa na wanawake waliojua nguvu ya wimbo. Katika miaka ya 1950 vyama vya ngoma vya wanawake vilijaa katika mitaa ya Waafrika, nacho kimoja kilikuwa na mwimbaji kijana aliyeitwa Titi Mohamed, mzaliwa wa mji huo wa mwaka 1926. Alijiunga na TANU mwaka 1955, akakabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake. Hakuanza kwa hotuba. Aliwaendea viongozi wa vyama vya ngoma, maana huko ndiko wanawake walikokwisha jipanga wenyewe, wana wakubwa wao, fedha zao na nidhamu yao. Wakajiunga kwa maelfu. Mtu anayedhani kwamba ngoma za akina mama zilikuwa upuuzi wa kupitisha usiku, na aizingatie habari hiyo kabla ya kusema tena. Na hata karibu nasi zaidi, chama cha wanawake waandishi wa habari, TAMWA, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1987, kiliita gazeti lake Sauti ya Siti, kwa kumkumbuka bibi huyu. Kazi yake kubwa ilikuwa kutangaza dhuluma watendewazo wanawake na watoto. Hapo twaona mwuza vyungu bado yu kazini.

Sasa tufikie hesabu yetu wenyewe. Tangu miaka ya 1990 taarabu ya Dar es Salaam ilishika njia ya mashindano. Vikundi vilipingana jukwaani, na watu walijaa kumbi kusikia nani amempasha nani. Mtu akatoka kwenda kumtunza mwimbaji huku akimtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Hatukatai kwamba kuna ufundi mkubwa wa lugha katika mipasho, wala hatukatai mtu kufurahi. Siti mwenyewe alijua kupasha. Lakini twauliza: nani apashwaye? Yeye alimpasha jaji, karani, mwuaji na tajiri. Leo mara nyingi apashwaye ni mwanamke mwenzake wa mtaa ule ule, aliyenunua kitenge kipya au aliyeachwa na mume. Silaha ni ile ile. Iliyobadilika ni shabaha. Na silaha ya mnyonge ikielekezwa kwa mnyonge mwenziwe, mwenye nguvu hulala usingizi mzuri.

Wala lawama si ya waimbaji peke yao. Mwimbaji huimba kile ambacho baraza humletea. Majirani wa Siti walimletea habari za shauri lililopotoshwa, kwa kuwa shauri hilo liliwauma. Sisi twaleta nini? Katika Kariakoo hiyo hiyo wamo wasichana waliotoka mikoani kufanya kazi za nyumbani, wasiolipwa mshahara kwa miezi. Wamo akina mama lishe waamkao saa kumi alfajiri, na wajane wanaonyang'anywa vibanda na ndugu wa marehemu. Kila jamaa isomayo gazeti hili yamjua mmoja wao kwa jina. Habari zao twazisikia, twasikitika, kisha twazifunga mlangoni, tukisema ni mambo ya watu.

Basi wazazi na wafundishe watoto wao jina la Siti binti Saad, pamoja na sababu ya kukumbukwa kwake. Walio na sauti njema wasizuiwe kuimba, bali waulizwe wanamwimbia nani na juu ya nani. Na sisi tusio na sauti ya kuimba tunayo kazi iliyo nyepesi zaidi, wala hatuna udhuru wa kuikataa: jirani akidhulumiwa, twende tukaseme tulichokiona, mbele ya mjumbe, mbele ya baraza la kata, mbele ya korti. Mwanamke wa Fumba alifanya hivyo kwa dakika tatu za sahani, bila kalamu wala cheo, na mpaka leo hapana aliyeweza kuufuta ushahidi wake.